Jibu kwa msomaji: Kusoma historia ya tamasha la jazi la Newport katika picha zake

Mwalimu mmoja wa sanaa wa Mombasa ameniandikia kwamba amekuwa akikusanya picha za tamasha la jazi la Newport, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, kwa nia ya kuzibandika ukutani darasani na kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi tukio moja lililodumu miaka mingi linavyoweza kusimuliwa kwa picha. Kinachomsumbua ni kwamba nyingi ya picha hizo zimepoteza maelezo yake: jina la mwanamuziki lipo, mwaka haupo, na pale mwaka ulipoandikwa hana hakika kama aliyeuandika alijua. Anauliza mambo mawili: je, historia ya tamasha hilo inasomeka kweli katika picha, na ni kitu gani ndani ya picha kitakachomjulisha imepigwa lini na wapi?

Mwalimu, kwa swali la kwanza jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja ambalo ndilo pia msingi wa jibu la swali la pili: usianze na uso wa mwanamuziki, anza na uwanja. Uso wa Louis Armstrong au wa Dizzy Gillespie ulibadilika polepole mno kiasi kwamba hata mtu aliyezoea kuwatazama hukosea kwa miaka mitano au zaidi. Lakini tamasha lenyewe limehamahama, na kila mahali lilipotua pana alama zake zisizofanana na za kwingine, kama vile viti, uzio, paa, kilima na bahari. Zaidi ya hayo, karibu kila uhamisho ulitokana na mzozo juu ya nani astahili kuwa ndani na nani abaki nje. Kwa hiyo ukishautambua uwanja, umekwisha kuikamata na historia yake.

Tamasha lilianza tarehe 17 na 18 Julai 1954 katika klabu ya tenisi iitwayo Newport Casino, kwenye barabara ya Bellevue, ambako matajiri wa New York walikuwa na makasri yao ya kiangazi. Wazo lilitoka kwa Elaine Lorillard na mumewe Louis, watu wa tabaka hilohilo, ambao walimwendea George Wein, mpiga piano wa Boston aliyekuwa na klabu yake iliyoitwa Storyville, wakamkabidhi kazi ya kuliandaa. Billie Holiday aliimba pale, na Ella Fitzgerald, na Gillespie alipiga tarumbeta, na kundi la Modern Jazz Quartet, na Oscar Peterson kwenye piano. Watu zaidi ya 10,000 walihudhuria katika siku hizo mbili. Katika picha utaona nyasi zilizotunzwa kwa ajili ya tenisi zikiwa zimefunikwa na viti vya kukunja, na nyuma yake majengo ya mbao yenye varanda ndefu. Katika picha ya miaka ya 1950, ukiona varanda hizo pamoja na nyasi hizo chini ya jukwaa la jazi, huna haja ya kutafuta mwaka, kwa sababu maonyesho ya muziki hayakurudi tena kwenye klabu hiyo mwaka uliofuata. Nyasi zilikuwa zimeharibika, na wakubwa wa barabara ile hawakupendezwa na umati uliokuja, wala na rangi za ngozi zilizochanganyika ndani yake.

Hapa inafaa nieleze kwa nini picha za Newport zina sura tofauti na picha za jazi za miaka iliyotangulia, kwa sababu wanafunzi wako watauliza. Wapiga picha wa miaka ya 1940 walifanya kazi zaidi ndani ya klabu zenye giza, wengi wao kwa kamera nzito zilizotumia kipande kimoja cha filamu kwa picha moja, na kwa balbu za flashi zilizoungua mara moja na kutupwa. Herman Leonard, aliyekuwa hodari kuliko wengi, aliziweka taa zake nyuma ya mwanamuziki ili moshi wa sigara ung'ae, na picha zake zikawafanya watu waamini kwamba jazi ni muziki wa usiku na moshi. Mwaka uleule wa 1954 tamasha lilipozaliwa, kampuni ya Leica ilitoa kamera yake ya M3, ndogo, isiyopiga kelele, na Kodak ikaitoa filamu ya Tri-X kwa kamera ndogo za milimita 35, filamu iliyoweza kunasa picha kwa mwanga hafifu bila flashi. Mpiga picha sasa aliweza kupiga picha 36 mfululizo akiwa amesimama katikati ya watu, mchana na usiku, bila kumshtua mtu. Newport, tamasha la wazi lenye jua la Julai na upepo wa bahari unaoupeperusha moshi wote, lilikuja wakati hasa ambapo vyombo vya kulipiga picha vilikuwa tayari. Ndiyo maana katika picha hizi hadhira inaonekana sana kuliko ilivyopata kuonekana kabla yake, na kwa maoni yangu hadhira hiyo ndiyo nusu ya thamani yake.

Kwa ajili ya tamasha la 1955 Louis Lorillard alinunua kasri la Belcourt akitarajia lifanyike huko, lakini majirani walipinga, na maonyesho ya jioni yakapelekwa Freebody Park, uwanja wa michezo wa mji. Huko ndiko kulikopigwa picha nyingi zinazojulikana zaidi, kuanzia 1955 hadi 1964. Utautambua kwa jukwaa kubwa lenye kifuniko, sakafu pana ya viti vilivyopangwa kwa safu, na mbele kabisa sehemu zilizotengwa kwa wenye tiketi za bei ya juu. Miles Davis alipanda jukwaa hilo mwaka 1955 katika kikundi kilichokusanywa dakika za mwisho, Thelonious Monk akiwa kwenye piano, na jina lake halikuwamo katika ratiba iliyochapishwa. Alipiga wimbo wa Monk uitwao 'Round Midnight huku mdomo wa tarumbeta ukiwa karibu kabisa na maikrofoni, na George Avakian wa kampuni ya Columbia, aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji, akafuatilia mkataba naye. Unapopata picha ya jioni hiyo, usiitafutie uthibitisho katika ratiba, maana hutaupata.

Usiku wa 7 Julai 1956 nitaukalia kidogo, kwa sababu unaonyesha vizuri kile picha inachoweza na kile isichoweza. Duke Ellington alikuwa na umri wa miaka 57, na wengi waliona zama zake zimepita. Karibu na saa sita ya usiku aliiita bendi yake ipige tungo yake ya 1937 yenye sehemu mbili, na katikati ya sehemu hizo akamwachia nafasi Paul Gonsalves, mpiga saksofoni ya aina ya tenor, aendelee kwa muda atakaotaka. Gonsalves alipiga mizunguko 27 ya wimbo mfululizo bila kupumzika. Mwanamke mmoja mwenye nywele za rangi ya dhahabu na gauni jeusi aliinuka katika sehemu za mbele akaanza kucheza, na watu wengine wakainuka baada yake, wengi wakisimama juu ya viti. Pembeni mwa jukwaa Jo Jones, mpiga ngoma mkongwe ambaye hakuwa hata mwanabendi wa Ellington, alikuwa akipigapiga mdundo kwa gazeti lililokunjwa huku akiwahimiza waliokuwa juu. Mwezi uliofuata picha ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time, na yeye mwenyewe baadaye alikuwa akisema kwamba alizaliwa Newport mwaka 1956.

Sasa tazama picha zenyewe. Picha moja ya Gonsalves amefumba macho haikwambii lolote, kwani alikuwa akifumba macho kila alipopiga. Inayosema ni mfuatano. Wapiga picha wa wakati ule, baada ya kusafisha mkanda wa filamu, waliuchapa wote kwenye karatasi moja ili picha zote ndogo zionekane kwa mpangilio wa namba, na ukibahatika kupata karatasi kama hiyo utayaona mabadiliko ya umati hatua kwa hatua: watu wamekaa, watu wamegeuka kumtazama anayecheza, kisha hakuna aliyekaa. Ningekushauri uwaonyeshe wanafunzi mfuatano wa namna hiyo badala ya picha moja nzuri, hata kama baadhi ya picha zilizomo hazikutulia.

Kuna jambo la pili katika usiku huohuo. Jukwaani palikuwa na maikrofoni za Columbia, iliyokuja kurekodi santuri, na pia za Sauti ya Amerika, iliyorekodi kwa ajili ya matangazo ya nje. Gonsalves alisimama mbele ya ile isiyo ya Columbia. Matokeo yake santuri iliyotoka mwaka 1956 ilibeba saksofoni yake kwa mbali, na sehemu kubwa ya muziki uliobaki ilirudiwa studio siku chache baadaye na kuongezewa makofi ya watu. Kanda ya Sauti ya Amerika iligunduliwa miaka ya 1990, na mwaka 1999 rekodi mbili zikaunganishwa zikatoa kile hasa kilichosikika uwanjani. Kwa hiyo katika picha yoyote ya usiku ule macho yako yaende kwanza kwenye maikrofoni. Nalisema hili pia kwa sababu Sauti ya Amerika ndiyo njia ambayo watu wengi wa nje ya Marekani, Afrika ikiwemo, walilijua jina la Newport: Willis Conover, mtangazaji wa kipindi chake cha jazi cha mawimbi mafupi kilichoanza 1955, ndiye pia aliyekuwa mshereheshaji wa tamasha kwa miaka mingi. Wasikilizaji hao walilisikia tamasha miaka mingi kabla ya kuliona.

Picha za rangi zinazosambaa zaidi ni za mwaka 1958, na hapo nakuomba uwe mwangalifu. Bert Stern, mpiga picha wa matangazo ya biashara na mitindo, alikuja Newport na kamera za sinema na lenzi za kuvuta mbali, akatengeneza filamu ya tamasha la mwaka huo ambayo hadi leo inasifiwa kwa uzuri wake. Fremu zilizokatwa kutoka kwenye filamu hiyo hutembea mitandaoni kama picha za kawaida. Utazijua kwa rangi nzito, kwa nyuso zilizojaza fremu nzima, na kwa kupenda kwake watu wa kawaida waliovaa miwani ya jua, mashua zinazoteleza baharini, na mikono na miguu inayofuata mdundo. Anita O'Day anaonekana kwenye mwanga wa mchana akiwa na kofia pana nyeusi yenye manyoya meupe. Mahalia Jackson anaonekana usiku, akiimba nyimbo za dini mbele ya watu waliokuwa wakicheza saa chache kabla, na kimya kilichowaingia kinaonekana kwenye nyuso zao.

Ni kazi nzuri mno, na naipenda. Hata hivyo imelipindisha kumbukumbu la watu juu ya mwaka huo. Miles Davis alipiga Newport mwaka 1958 akiwa na John Coltrane katika kikundi chake, na Ellington naye alikuwepo, na wote wawili hawamo katika filamu. Wanafunzi wanaoijua Newport kwa filamu hiyo pekee hushangaa wakisikia rekodi za kikundi hicho. Ukipanga picha zako, weka mbili tatu za rangi za 1958, na kando yake uweke picha ya nyeusi na nyeupe ya Davis au Ellington ya mwaka uleule, ili ionekane kwamba mpiga picha huchagua, na asichokichagua huelekea kusahaulika.

Kisha linakuja lile ambalo bila picha ni vigumu kulieleza, nalo ni mwaka 1960. Kufikia wakati huo tamasha lilikuwa kubwa na Newport ilijaa vijana kila Julai, wengi wao wakija kwa ajili ya pombe na ufukwe kuliko muziki. Usiku wa Jumamosi tarehe 2 Julai uwanja ulijaa, maelfu wakabaki nje bila nafasi, chupa zikaanza kurushwa, polisi wakatumia gesi ya machozi na maji ya mabomba ya zimamoto, na askari wa akiba wa jimbo wakaitwa. Baraza la mji likaamua kuyafuta maonyesho yaliyobaki, isipokuwa yale ya Jumapili mchana, ambayo yalikuwa ya muziki wa bluzi. Tazama picha za mchana huo: Muddy Waters na wenzake wanapiga kwa nguvu zote, lakini walio mbele yao wanajua kwamba tamasha limekwisha. Langston Hughes, mshairi, aliyekuwa mmoja wa wahusika wa tamasha, aliandika papo hapo maneno ya bluzi ya kuiaga Newport, na Otis Spann, mpiga piano wa Waters, akayaimba kabla ya watu kutawanyika.

Picha ya jalada la santuri iliyotokana na mchana huo inanipa fursa ya kukuonya juu ya jambo lingine. Muddy Waters ameshika gitaa lenye tumbo na matundu, na wengi huhitimisha kwamba ndilo alilopiga. Sivyo. Alipiga gitaa lake la umeme la Telecaster, na lile la jalada lilikuwa la rafiki yake John Lee Hooker. Wapiga picha walimwita wakati anaondoka, akashika lililokuwa karibu akasimama wampige picha. Picha haikughushiwa wala haikuandikiwa uongo, na bado ukiitumia kama ushahidi wa kilichotokea jukwaani utakosea. Kwa hiyo tofautisha siku zote picha ya tukio na picha ya kupozi. Tazama kama kuna maikrofoni, kama waya umechomekwa kwenye gitaa, kama vidole vimebana nyuzi, na kama kuna mtu mwingine nyuma anayeendelea na kazi.

Wikiendi hiyohiyo ya 1960 palikuwa na tamasha la pili mjini Newport, na hizi ndizo picha ambazo, kama ningekuwa na nafasi ya kubandika chache tu, nisingeziacha. Charles Mingus, mpiga besi, na Max Roach, mpiga ngoma, walichukizwa na jinsi tamasha kubwa lilivyokuwa likiwalipa fedha nyingi wachache wenye majina huku wabunifu wakipewa kidogo, na kwamba biashara ilikuwa imeutangulia muziki. Wakaandaa tamasha lao katika hoteli ya Cliff Walk Manor, juu ya mwambao, na Elaine Lorillard, ambaye kwa wakati huo alikuwa ametengwa na tamasha alilolianzisha, akawaunga mkono. Wanamuziki wenyewe walishika nyundo na mbao, wakasimamisha jukwaa na uzio, wakapokea fedha za watazamaji kwa mikono yao. Coleman Hawkins alikuwepo, mkongwe wa miaka ya 1920, na Ornette Coleman, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amezua mjadala mkubwa New York, na Jo Jones yule wa gazeti lililokunjwa, na mwimbaji Abbey Lincoln. Hadhira ilikuwa ndogo na ilisikiliza kwa utulivu huku ghasia zikiendelea mjini.

Linganisha picha za viwanja hivyo viwili vya wikiendi moja. Kwenye Freebody Park uzio uliwekwa na waandaaji, na vijana wanausukuma kutoka nje. Kule Cliff Walk Manor uzio umewekwa na watu walewale watakaopanda jukwaani, bahari iko nyuma yao, na mwanamuziki aliyemaliza zamu yake ameketi miongoni mwa wasikilizaji. Sijui njia bora ya kuwaeleza wanafunzi maana ya wasanii kumiliki kazi yao kuliko kuziweka picha hizo mbili bega kwa bega. Baadhi ya waasi hao waliingia studio Novemba mwaka huo kurekodi pamoja. Roach na Lincoln, kabla ya hapo, walikuwa wamerekodi kazi yao juu ya uhuru wa Waafrika na watu weusi wa Marekani, yenye kipande cha maombolezo kwa Johannesburg baada ya mauaji ya Sharpeville. Na Novemba hiyohiyo Randy Weston, mpiga piano ambaye alishapiga Newport mwaka 1958, alirekodi kazi aliyoipa jina la Kiswahili, Uhuru Afrika, maneno yakiwa ya Langston Hughes, na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akiyasoma kwa Kiswahili. Kwa darasa la Mombasa nadhani hilo linastahili nafasi ukutani, ingawa halikutokea Newport.

Mwaka 1961 waandaaji wengine walijaribu kuandaa tamasha bila Wein, naye akarejea 1962. Kutoka 1965 tamasha lilihamia Festival Field, shamba wazi lililo chini ya kilima, na alama ya kulitambua ni kilima hicho. Miaka ya mwanzo picha zake ni za shangwe. 1965 Frank Sinatra aliwasili kwa helikopta kuimba na bendi ya Count Basie. Mwaka 1969 Wein aliwaalika wanamuziki wa roki, Led Zeppelin, Sly and the Family Stone, Frank Zappa na wengine, umati ukazidi nafasi na uzio ukaanza kutikiswa. Tarehe 10 Julai 1970 palifanyika usiku wa kumuenzi Louis Armstrong, akiwa tayari mgonjwa, na picha zake akiwa na Mahalia Jackson jukwaani huwagusa watu hata wasiojua muziki wake. Mwaka uliofuata, usiku wa 3 Julai 1971, vijana waliokuwa wamepiga kambi juu ya kilima waliuangusha uzio wakati Dionne Warwick akiimba, wakapanda jukwaani na kuharibu vyombo. Tamasha likafutwa. Armstrong alifariki siku tatu baadaye, tarehe 6 Julai. Katika picha za usiku ule jukwaa limejaa watu ambao hakuna hata mmoja wao mwenye chombo cha muziki mkononi, na hiyo ndiyo alama yake.

Miaka ambayo tamasha lilihamia New York, kuanzia 1972, ndiyo migumu kuliko yote kwa mtu anayetambua picha kwa uwanja, kwa sababu maonyesho yalitawanyika katika kumbi ambazo hutumiwa mwaka mzima kwa mambo mengine: Carnegie Hall, Philharmonic Hall, Radio City Music Hall, na hata uwanja wa besiboli wa Yankee Stadium. Picha ya mpiga piano kwenye Carnegie Hall haina chochote cha kukuambia kuwa ni ya tamasha la Newport isipokuwa maelezo ya nyuma yake. Kama maelezo hayapo, iache.

Picha moja ya miaka hiyo, hata hivyo, haina shida ya kutambulika. Tarehe 18 Juni 1978 Rais Jimmy Carter aliwakaribisha wanamuziki Ikulu ya Marekani kuadhimisha mwaka wa 25 wa tamasha. Carter aliimba na Gillespie na Max Roach wimbo wenye maneno mawili tu juu ya karanga, na watu walicheka kwa furaha. Mingus alikuwepo kwenye kiti cha magurudumu, ugonjwa wa mishipa ya fahamu ukiwa umemnyima mwili wake. Wein aliwaomba waliohudhuria wasimame kumpa heshima, Mingus akalia, na Rais akamwendea akamwinamia. Mingus alifariki Januari 1979. Mtu akiitazama picha hiyo bila kuzijua zile za Cliff Walk Manor ataona mgonjwa anayefarijiwa na mkubwa wa nchi. Akizijua, ataona kwamba aliyelipinga tamasha kwa nyundo na mbao sasa anaheshimiwa katika sherehe ya tamasha lilelile, na aliyeomba watu wasimame ndiye aliyepingwa. Picha hizi zikae karibu.

Tangu 1981 tamasha limerudi Newport, kwenye Fort Adams, ngome ya mawe ya karne ya 19 iliyo kwenye rasi ya bandari. Hapa utambuzi ni rahisi: kuta za mawe, maji pande zote, mashua zilizotia nanga ili waliomo wasikilize bila tiketi, na kwa mbali daraja kubwa la Newport. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1969, hivyo picha yenye daraja nyuma ya jukwaa na maandishi ya 1956 ina makosa bila shaka yoyote, na nimeziona za namna hiyo zaidi ya moja. Kwa miaka ya karibuni historia ni fupi kusimulia: Wein aliiuza kampuni yake 2007, wanunuzi wakashindwa, akarudi 2009, akaunda taasisi isiyo ya faida, akamkabidhi Christian McBride, mpiga besi, uongozi wa kisanaa, na akafariki Septemba 2021 akiwa na miaka 95.

Tahadhari mbili za mwisho. Ya kwanza ni Monterey, tamasha la California lililoanza 1958, ambalo huchanganywa na Newport kila siku kwa sababu wapiga picha kama Jim Marshall walifanya kazi kote kuwili kwa mtindo uleule. Monterey hufanyika Septemba katika viwanja vya maonyesho ya wilaya, penye miti, na watu wake huvaa masweta usiku. Newport ni Julai, na tangu irudi Fort Adams ni Agosti zaidi. Ukiwa na shaka, tazama mavazi.

Ya pili inahusu haki. Picha za jazi zinazopatikana bure kwa wingi ni za William Gottlieb, zilizohifadhiwa katika maktaba ya Bunge la Marekani na kuachiwa umma mwaka 2010. Lakini Gottlieb alipiga picha za jazi hadi 1948 tu, miaka sita kabla ya tamasha, kwa hiyo ile picha yake maarufu ya Billie Holiday akiimba, kichwa amekiinua, si ya Newport hata kama umeipata imeandikwa hivyo. Picha za tamasha lenyewe, kwa sehemu kubwa, bado ni mali ya wapiga picha au warithi wao. Burt Goldblatt, msanifu wa majalada ya santuri aliyetoa mwaka 1977 historia ya Newport iliyojaa picha, ni mmoja wao. Waandikie wenye mali kabla ya kuchapa, ueleze kwamba ni kwa darasa, picha ngapi, kwa ukubwa gani na kwa muda gani, na chini ya kila moja uandike jina la aliyepiga kwa herufi zilezile za jina la mwanamuziki.